Mbegu Nilizompelekea Mama Mkwe

Mama mkwe wangu, anayeishi Uyole, alikuwa na pilipili isiyowasha. Kwa macho ilikuwa pilipili mbuzi kabisa, na harufu yake ilikuwa ileile. Ukiitumbukiza nzima kwenye maharage, jirani anauliza ng'ambo ya ua mnapika nini. Lakini ukiitafuna, ulimi hauna habari. Ana vidonda vya tumbo, na pilipili nyingine zote alishakatazwa hospitali. Mbegu alirithi kwa mama yake.

Nilipoolewa na mwanawe tukahamia Ilula, alinifungia mbegu kidogo kwenye kipande cha kitenge.

"Usizipande karibu na zile kali, mwanangu. Zikichanganyika, basi tena."

Miaka miwili nilitii. Lakini nilikuwa nauza nyanya kando ya barabara, na wasafiri walikuwa wakiulizia pilipili kali. Mwaka wa tatu nikapanda kali kwenye tuta la pembeni, hatua tatu tu kutoka kwa zile za mama. Sikusahau alichoniambia. Nilikuwa na uvivu wa kulima kona nyingine. Na matunda yalipoiva nikayaonja, hayawashi, nikajipongeza, ingawa mchanganyiko hujificha kwenye mbegu mpaka zipandwe tena.

Msimu huohuo mvua iliozesha bustani yake yote. Akanipigia simu.

"Nimebaki mikono mitupu. Nitumie mbegu za kwako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Sawa, mama," nikampa mume wangu apeleke. Nilitumaini tu.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda kumsalimia. Siku hiyo akina mama wa jumuiya walikuwa wamekuja kusali kwake, naye akawapikia ndizi na maharage, akaweka pilipili mpya za kwanza. Tukiwa jikoni nilimwona akizipasua kwa furaha, akizinusa, akinipa na mimi ninuse. Harufu ilikuwa yenyewe. Nikabeba sahani kuwapelekea wageni.

Alipoweka tonge la pili mdomoni, akakohoa. Machozi yakamtoka, akashika tumbo. Wageni wakaanza kuomba maji. Yeye, badala ya kuuliza, akaanza kuomba radhi.

"Nisameheni, jamani. Sijui nimekosea nini. Labda ni uzee, nimechanganya mbegu mwenyewe."

Mama mmoja akasema huenda ni udongo umeharibika. Mama mkwe akaitikia, "Huenda." Mimi nilikuwa nimeshika jagi la maji, namimina glasi moja baada ya nyingine. Usiku huo hakula kitu zaidi ya uji.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Kila alipopiga simu alinitania na kuniuliza hali ya nyanya zangu, na kila nilipokata simu nilijichukia. Mwishowe nikapanda basi peke yangu hadi Uyole. Nilimkuta akipepeta mchele uani, nikamwambia yote bila hata kukaa: tuta, zile kali, simu yake, jikoni siku ile.

Aliweka ungo chini.

"Ile miche nimeng'oa yote," akasema. "Nimechoma. Niliona udongo una ugonjwa."

"Nisamehe, mama."

"Kuchanganyika si kitu, mwanangu, nyuki hawaulizi mtu. Lakini ungesema siku ile, tungeonja mche mmoja mmoja. Haiwezekani yote iwe kali."

Hakupandisha sauti. Akanipikia chai, akanipa na mchele wa kurudi nao.

Niliporudi Ilula nilipekua kila kopo, nikapata matunda mawili yaliyokauka ya msimu ule. Tulipanda kwake pamoja, miche tisa, na ilipozaa tukaonja kwa ncha ya ulimi, mimi nikitangulia kila mara kwa sababu ya tumbo lake. Saba iliniunguza. Miwili haikuwasha, ila harufu yake ni ndogo, lazima uiinamie sufuria ndipo uisikie. Mama mkwe anaipikia hivyohivyo. Wageni wakisifu maharage yake, huwa anasema mbegu nilimletea mimi.