Nguo Kuukuu kwenye Sahani

Harufu ya pilipili hoho na bizari nyembamba zikikaangwa pamoja ikinipata popote, hata ndani ya basi, masikio yangu huwaka moto kwa aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukikaa ng'ambo, mtaa wa Walthamstow, juu ya duka la vitambaa. Mama, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa nesi. Koti langu la baridi lilikuwa la mtumba, mikono yake mirefu imenimeza vidole, na msinicheke, mtu akilitazama tu nilidhani ananisengenya.

Jioni moja rafiki yangu Inés alinialika kwao kula. Mama yake, Mhispania, alinipokea koti, akalitundika, kisha akamwambia mwanawe jambo kwa kasi. Nilidaka maneno mawili tu, kwa kuwa wiki ile shuleni tulikuwa tumefundishwa majina ya mavazi kwa Kihispania: ropa vieja. Nguo kuukuu.

Nililichomoa koti langu, nikateremka ngazi mbio.

"Unakwenda wapi?" Inés aliita. "Chakula tayari!"

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba nimetukanwa. Hata machozi hayajakauka, kengele ikalia. Mama Inés alikuwa mlangoni, anahema, mikononi bakuli limefunikwa kwa taulo.

"Nimemkosea nini mtoto wako?" alimwuliza Mama.

Nikasukumwa mbele nijieleze. Niliyataja yale maneno kwa sauti ya chini, nikiangalia viatu vyake. Alifunua bakuli. Ndani mlikuwa na nyama iliyochambuliwa nyuzinyuzi, pamoja na dengu, nyanya na pilipili hoho, ikinukia bizari nyembamba.

"Hii ndiyo ropa vieja," alisema, wala hakucheka. "Kwetu nyama iliyobaki jana unaichambua mpaka ifanane na matambara. Nilikuwa namwambia Inés chakula cha leo."

"Mtake radhi mama wa mwenzio," Mama aliniambia.

"Samahani, auntie." Sikuweza kuinua macho.

"Lakini hii si ya jana," aliongeza, akimtazama Mama. "Nimeinunua leo, kwenye bucha ya Waislamu. Inés alinieleza kwamba nyie mnakula halali tu."

Siku ile niliona aibu kwa kukosea maana ya neno. Nilipokuwa mama mwenyewe, nikaanza kuwapikia wageni wa watoto wangu, ndipo nilipoelewa. Chakula cha kiporo, yule mama alikitafutia nyama mpya, kwenye duka asilolizoea, ili mtoto wa watu ale bila wasiwasi. Nami nilimkimbia kabla hajapakua.