Moto wa Gunzi

Mjukuu wangu anakwenda kupiga kambi na skauti wenzake huko milimani juu ya Mombo, na wiki nzima hii nyumba yetu ya Korogwe imegeuka duka la majiko. Juzi aliniwekea mezani jiko la gesi dogo kama ngumi ya mtoto, na pembeni yake la mafuta ya taa. "Bibi, nibebe lipi? Lipi jepesi?" Nikalinyanyua lile la gesi, nikalipima kiganjani. Jepesi kweli. Lakini rafiki yangu unayesoma, mimi nimewahi kubeba jepesi kuliko hilo.

Ulikuwa mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa. Tulikuwa tukikaa ndani ndani huko Handeni, nyumba chache zilizotawanyika kati ya mahindi na mihogo, na kijiji kipya kilikuwa mbali, kando ya barabara. Tungelala njiani. Kwetu watoto ilikuwa sikukuu, kulala nje bila kugombezwa!

Wakubwa walibishana tutapika na nini huko njiani. Baba mdogo, kibarua wa mkonge, alileta jiko la utambi na kulisifu kama mshenga aliyepeleka posa. Mama alitaka la mkaa, la bati. Bibi yangu aliyasikiliza yote, kisha akauliza nani atabeba mafuta yasimwagikie unga, na nani atajitwisha gunia la mkaa. Mafiga, alisema, Mungu ameyamwaga kila mahali. Cha kubeba ni moto tu.

Ukweli ni kwamba bibi hakutaka kuhama. Moto wa jikoni kwake aliachiwa na mama yake. Kila usiku aliufukia majivuni, kila asubuhi akaufukua, na kiberiti alikiona kitu cha wavivu. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumbembeleza hadi akachoka yeye. Mwishowe bibi akakubali, kwa sharti. "Nahama na moto wangu. Ukizimika njiani, narudi zangu." Nasi tulimjua. Akisema, amesema.

Mzigo nikapewa mimi. Kilikuwa chungu kilichovunjika shingo, kimejaa majivu, na katikati yake gunzi la mahindi likifuka. Gunzi kavu halina papara, linakula moto polepole, na likikaribia kwisha unalipokeza lingine. Nikajitwika juu ya kata ya kanga kuukuu. Mpaka leo nikifumba macho nausikia ule moshi mtamu ukinifuata, naiona njia nyekundu, mbuzi mbele, kwale wakiruka vichakani, na visigino vya bibi vikienda taratibu bila kugeuka. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, nikimpenda kupita kiasi. Siku ile niliona ni yeye niliyembeba kichwani.

Jioni tulitua penye korongo. Mafiga yakaokotwa, gunzi likapuliziwa vijiti, bada, ugali wetu wa muhogo, ikasongwa, viazi vitamu vikafukiwa majivuni mpaka maganda yakatoa asali. Walipoona moshi wetu, wenzetu waliokuwa wakihama nasi wakaanza kuja na vigae vyao kuomba moto. Wa mwisho alikuwa jirani, mama mmoja ambaye hakuwa akizungumza na bibi tangu mbuzi wake walipoingia kwenye kunde zetu. Alitia kaa kwenye kigae akaondoka mbio, hakukaribishwa wala hakukaa. Kwetu mgeni asiyeketi huulizwa kama amekuja kuomba moto, na bibi akaguna kwamba huyo sasa ndiye aliyekuja kuuomba kweli.

Alfajiri ikaja mvua ya ghafla. Kila mtu alikimbilia unga na watoto wachanga. Nilikilalia kile chungu kwa kifua changu, lakini maji hayana adabu, yalipita chini na juu. Kulipopambazuka, gunzi lilikuwa linaelea. Baba mdogo akatoa kiberiti, nacho kimeloa, njiti zikimong'onyoka vichwa. Bibi alijifunga kanga kiunoni akaitazama njia tuliyojia. Nikalia kwa sauti, bila haya.

Katika kulia huko ndipo nikaona moshi. Ulikuwa mwembamba, ng'ambo ya korongo, chini ya jiwe kubwa alikojibanza jirani. "Bibi! Moto wako ule kule!"

Bibi aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaokota kigae, akaenda mwenyewe. Tukangoja, harudi. Nilipomfuata nikawakuta wameketi chini ya jiwe, wanapokezana kata moja ya uji, wanabishana habari za mbuzi. Jirani alikuwa anacheka. "Bibi, mbona leo huondoki? Hukuja kuomba moto?"

"Nimeufuata wa kwangu," bibi akajibu. "Lakini uji kwanza."

Tukafika kijijini na moto wetu. Nyumba mpya zilikuwa zimepangwa mstari, na asubuhi watoto walipishana njiani na vigae, leo kwetu, kesho kwenu, na hakuna aliyeweza kusema moto huu wa nani. Sijui ulizimika lini. Bibi alifariki, viberiti vikajaa madukani, kila nyumba ikawa na wake, na siku ulipokufa hakuna aliyeona. Hilo linaniuma kuliko kama ningeuona ukifa.

Leo asubuhi mjukuu alipita kuniaga, begi mgongoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. "Hata huketi?" nikamwambia. "Kwani umekuja kuomba moto?"

Akanishangaa, kisha akacheka, akalipiga begi lake. "Moto ninao humu, bibi. Shikamoo, gari linaniacha."

Kweli anao. Nikaitika marahaba, nikarudi mezani kwenye uji niliokuwa nimeumimina vikombe viwili.