Fenda ya Kushoto

Joakim alikufa ghafla mwezi wa Oktoba, moyo ulimsimama akiwa na miaka thelathini na moja, na gari lake likabaki limeinuliwa juu ya stendi kwenye gereji ya wazazi wake. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, la zamani, alilolinunua bovu na kulifanyia kazi mwenyewe kila Jumamosi. Upande wa kushoto alikuwa ameumaliza. Fenda ya nyuma, yaani bati linalofunika tairi, aliikata, akaipanua kwa bati alilolichomelea kwa mkono wake, akaipaka puti ya kuziba mabonde na kuipiga msasa mpaka ikashuka kutoka dirishani hadi kwenye tairi kwa mteremko mmoja mlaini. Upande wa kulia ulikuwa bado kama ulivyotoka kiwandani, mwembamba, una kutu chini ya mlango.

Baba yake, Stellan, alitangaza kwamba atalimalizia. Alisema hivyo kwenye kahawa iliyonywewa baada ya mazishi, mbele ya jamaa na majirani, keki zikiwa zinapitishwa mezani, na baada ya hapo asingeweza kurudi nyuma. Gunvor, mkewe, hakupinga. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba ule upande wa Joakim uachwe kama Joakim alivyouacha, uongezewe rangi basi.

Gunvor alikuwa na sababu yake. Kila akitoka kutupa taka alipitia gereji, akaweka kiganja juu ya ile fenda, akakiacha kiteremke. Hakuwa akilia. Alisimama hapo kidogo, kisha akarudi ndani kuendelea na kazi zake.

Sasa kunyoosha bodi ya gari si kazi ya macho. Macho yanadanganya, hasa chini ya taa ya gereji. Fundi hufumba macho akapitisha kiganja, na kiganja ndicho kinachomwambia pana bonde wapi na pana kilima wapi. Na viganja vya Stellan vilikuwa vimekwisha. Miaka yote aliyoshika grenda, mashine ya kusaga chuma inayotetemesha mikono, kwenye kiwanda cha meli ilimlipa kwa vidole vinavyogeuka vyeupe kila baridi inapoingia, na hatimaye vikafa ganzi hata wakati wa joto. Vifungo vya shati alivifunga kwa kuvitazama. Daktari alijua, Gunvor alijua nusu, wengine hawakuambiwa. Wanaume wa huku kwetu ni hodari wa kunyamaza, na wakifiwa hukimbilia gereji, wakajifungia na msasa hadi wake zao wachoke kuwaita.

Börje, jirani yake, mstaafu kama yeye na mwenye gari kuukuu lake mwenyewe, alikuja siku moja na chupa ya kahawa. Alizunguka gari, akakuna kidevu.

"Kata kadibodi, we mzee," alisema. "Ilaze juu ya kushoto, uchore mkunjo, uigeuze upande wa pili. Mke wangu ndivyo anavyokata mapazia, na hajasomea."

"Joakim hakutumia kadibodi."

"Joakim alikuwa na mikono."

Neno likishatoka halikamatiki. Börje aliinamia kikombe chake, akaanza kuzungumzia theluji, na hakukaa sana siku hiyo.

Majira ya baridi yote Stellan aliwasha hita ya mafuta ya taa ili puti ikauke. Alichomelea, akapaka, akapiga msasa. Akisimama nyuma ya gari akatazama, kulia kumenenepa. Akipunguza, kumebonyea. Akiongeza, kumenenepa tena, mpaka puti ikawa nzito na bati limejificha ndani yake. Alifumba macho akapitisha kiganja kama alivyofanya ujanani, na ilikuwa sawa na kupapasa hewa.

Mwezi wa Mei alifungua mlango wa gereji, mwanga ukaingia, akaona tofauti iliyobaki ni ndogo. Hapo ndipo wazo lilipomjia, kwa upole, kama mawazo mabaya yanavyokuja. Huenda ni upande wa kushoto ndio ulioinuka kidogo. Pale tu, karibu na dirisha. Laiti mtu angemnyang'anya ule msasa! Alipitisha mara chache. Kisha kulia kukataka kusogezwa kidogo, kisha kushoto tena. Alijiambia anarekebisha. Lakini kila Gunvor alipokuwa nyumbani, Stellan alifunga mlango wa gereji, na vumbi alilifagia mwenyewe akalitia kwenye pipa.

Kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi alipulizia rangi, ile ya buluu aliyoichagua Joakim, mkebe wake ukiwa bado rafuni. Ilipokauka, Börje alichungulia, akapiga mluzi. Alisema pande zote mbili ni mapacha, hata mama yao hawezi kuwatofautisha. Stellan alicheka, na alikuwa hajacheka tangu Oktoba. Börje alipoondoka, akamwita mkewe.

Gunvor alikuja akifuta mikono kwenye aproni. Kulia hakukutazama hata kidogo. Alienda kushoto, akafumba macho, akaweka kiganja chini ya dirisha na kukiacha kiteremke. Katikati mkono ulisimama. Aliurudisha juu, akaanza upya, ukasimama palepale.

"Hii ni yako," alisema.

"Ni ileile. Nimeipaka rangi tu."

"Stellan." Hakupandisha sauti. "Mkono ulikuwa unashuka wenyewe hapa mpaka chini. Sasa unakwama. Yake iko wapi?"

Alifungua kinywa kusema kwamba kulikuwa na kilima kidogo, kwamba mwanga ulionyesha, kwamba Joakim mwenyewe angekirekebisha.

"Umempiga msasa mpaka ameisha," Gunvor alisema, akaondoa mkono, akaingia ndani.

Stellan alibaki na gari. Hapakuwa na kadibodi ya kumwonyesha njia ya kurudi, na vumbi lilikuwa limeshachukuliwa na gari la taka. Alifumba macho, akaweka viganja vyote viwili juu ya fenda ya kushoto, akatafuta pale mkono wa mkewe ulipokwama. Alipapasa juu, akapapasa chini. Vidole havikumwambia kitu.