Mguu Juu ya Ubao

Tangu anioe, mume wangu huchonga milango akiwa amekaa chini. Hutandika jamvi uani kwetu hapa Mambrui, akavua viatu, akakunja mguu mmoja na kuunyoosha wa pili, kisha akaubana ubao kwa kisigino na dole gumba la mguu. Mkono wa kushoto hushika patasi, wa kulia hushika nyundo, na mguu ndio unaozuia ubao usicheze. Baba yake alichonga hivyo hivyo, na wachongaji wote niliowaona tangu utotoni walichonga hivyo. Dole lake hilo limepanuka na kuwa gumu kupita kiasi, nami humtania kwamba likikabidhiwa patasi litafanya kazi peke yake na yeye aende zake barazani.

Ana desturi nyingine tena. Hagusi mlango bila udhu. Juu ya milango mingi anayoichonga hukaa aya, na hata pale penye maua matupu husema kwamba mlango ni mlango, atakayeupitia hujui anakwenda kuomba nini. Basi hutoka mtungini na maji yanamchuruzika mikononi na miguuni, akaketi, akapiga bismillahi na nyundo kwa pamoja. Mimi nina mdomo usio na subira na nimemkosoa mengi maishani, ila hilo sijapata kulikosoa. Kulitazama tu kulinituliza.

Kisha bega la kulia likaanza kumuuma. Kwanza alilificha, akawa anajipaka mafuta ya karafuu na kusema ni baridi ya asubuhi. Wakati huo alikuwa ameahidi mlango wa msikiti mdogo wa mtaani kwetu, na mbao zake zilikuwa za mvule wa zamani, zilizotolewa kwenye nyumba kuukuu iliyobomolewa. Mvule uliokauka miaka mingi una ukaidi wake. Siku moja nilimkuta ameinua nyundo na ameshindwa kuishusha, mkono umeganda hewani, machozi yamemjaa. Daktari wa Malindi alimwambia wazi kwamba akiendelea kupiga nyundo, mkono huo hautanyanyuka tena hata kujivisha kanzu.

Nikafurahi. Naandika ukweli. Nilimhurumia kwa maumivu, lakini moyoni nilishukuru kwamba sasa atapumzika na tutakunywa chai kama watu wengine. Yeye alikuwa hali vizuri, akawa anazizunguka zile mbao na kuzipangusa vumbi. Nilielewa kwamba akiukosa mlango ule hatachonga mwingine tena, na kwamba mtu niliyeolewa naye atabaki kuwa mzee mwenye bega bovu tu. Hilo nalo sikulitaka.

Aliyeleta dawa ni binti yetu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi huko Kilifi. Alifika na boksi, na ndani yake mna mashine ya mkononi ya kuchongea, ile yenye vishikio viwili na ncha ya chuma katikati inayozunguka kwa kasi mpaka huioni. Unaisukuma juu ya ubao nayo inakula mti penye alama. Nyundo haihitajiki. Aliongeza miwani mipana ya plastiki, vizibo vya masikio, barakoa na viatu vizito vyenye chuma mbele.

"Shikamoo baba," alisema, "hii kitu haina huruma. Haijui mti wala nyama. Ukitaka kubadilisha ncha, toa plagi kwanza ukutani, usiridhike na swichi. Na ubao ubanwe mezani, usibanwe na wewe."

Baba mtu aliitikia "marahaba" na kusema amefahamu. Kumbe amefahamu kwa masikio tu.

Kesho yake nilitoka jikoni baada ya kusikia mlio uani. Nilichokiona nakiona hadi leo. Jamvi limetandikwa. Waya wa umeme umepita juu ya sakafu yenye maji, maana ametoka kutawadha. Yeye ameketi kwa kikoi, miguu mitupu inang'aa kwa maji, mguu wa kulia umekanyaga ubao kama kawaida yake, na ile ncha inazunguka kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye dole gumba. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Alikuwa akitabasamu.

Sikupiga kelele, maana niliogopa nikimshtua mkono utateleza. Nilikwenda ukutani nikachomoa plagi. Mashine ilipokwisha kunyamaza ndipo nilipomjia juu. Nilimwambia yote niliyokuwa nayo na mengine niliyoyatunga papo hapo. Nilimuuliza anataka kwenda msikitini na magongo, au anataka nimwoshe mimi na wanaume wenzake wamswalie.

"Mke wangu, nisikize," alisema baada ya kuniacha nichoke. "Bila udhu siwezi kuichonga aya. Na ubao mimi n'nausikia kwa mguu. Mti ukitaka kupasuka hunambia hapa, kwenye kisigino, kabla haujapasuka. N'kiutoa mguu n'tachonga kama kiziwi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo. Miaka yote nilidhani mguu ni wa kubania tu.

Jioni alimpigia binti yetu simu, na nikamsikia akimweleza alichofanya bila kujipamba, udhu na mguu na maji yote. Binti alilia kwenye simu. Mume wangu alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema, "Nifundishe tena mwanangu. Jana n'lisikia, lakini sikusikiza." Mzee mwenye mvi, fundi ambaye watu hutoka Lamu kuja kumtazama akichonga! Wanaume wa rika lake ninaowajua wangesema wao wamechonga kabla ya huyo mtoto kuzaliwa. Nilimpenda upya usiku ule, nami si mtu wa maneno hayo.

Akajenga meza. Kwa mtu aliyefanya kazi chini maisha yake yote, kusimama kulikuwa adhabu. Kiuno kilimuuma, hakujua aweke wapi viwiko, na viatu vile alivivaa kama mtu anayeingiza miguu kwenye sufuria za moto. Udhu hakuuacha. Alitafuta taulo, akawa anajifuta mpaka katikati ya vidole, akakaa barazani na tasbihi yake mpaka ngozi ikauke kabisa, ndipo akavaa viatu. Waya aliuninginiza juu, kwenye misumari ya upenu, usiguse chini. Kikoi alikivua, akavaa suruali na shati la mikono mifupi, na pete niliyomvisha akaiacha kwenye kikombe cha kahawa dirishani. Nilipomwona na ile miwani na vile vizibo vya masikio nilicheka mpaka nikakaa. Nilimuuliza ndege yake inaondoka saa ngapi.

Alijifunzia kwenye mbao za mwembe, na aliziharibu vya kutosha; tulipikia kuni za maua na nyota. Lililomshinda zaidi ni mguu wenyewe. Ubao ulikuwa umebanwa kwa jiliwa pande zote mbili, hauwezi kwenda popote, lakini mashine ikianza tu kuvuta, mguu wa kulia unanyanyuka wenyewe kutoka sakafuni na kutafuta pa kukanyaga. Nilimwona kwa macho yangu, mtu mzima amesimama mguu mmoja kama korongo, na hana habari. Akishtuka huzima mashine, akangoja ncha isimame kabisa, akachomoa plagi, akaucheka mguu wake, akaanza upya. Hakukasirika hata siku moja. Mimi ningekuwa nimeitupa mashine kisimani.

Mafundi wenzake walikuja kutazama. Mmoja alimwonyesha kwamba kile kikinga cha plastiki mbele ya ncha kinazuia kuona, akasema yeye huking'oa chake siku ya kwanza. Mume wangu alimtengea kahawa, akamsikiliza kwa adabu, na hakukigusa kikinga chake.

Na lile la kuusikia mti alilipatia njia. Mashine aliipa kazi ya kula mti uliozidi tu, ikaacha unene mdogo juu ya kila mchoro. Hapo huchomoa plagi, huzungusha waya na kuutundika, hufagia vumbi, ndipo hutandika jamvi, akavua viatu, akaukanyaga ubao kama zamani, na kumalizia kwa patasi ndogo anayoisukuma kwa kiganja bila nyundo. Viwili hivyo hakuvichanganya kamwe. Jamvi likiwa chini, mashine haina umeme. Mashine ikiwa na umeme, jamvi limekunjwa na limesimama pembeni. Niliyatazama hayo kila siku, na pamoja na kuyasifu niliendelea kuomba dua ileile: bega lipone au achoke, mojawapo, aiache ile mashine.

Mwisho kabisa ulibaki mfaa, ule mti wa katikati unaosimama kati ya mabawa mawili ya mlango, ambao ndio watu huutazama kwanza. Kwa kuwa mbao zilikuwa za nyumba ya zamani, alipitisha sumaku kwenye kila kipande kutafuta misumari, na aliyoipata aliing'oa. Asubuhi hiyo nilikuwa nikianika nguo. Mlio wa mashine ulikuwa ule wa kawaida, kisha ukabadilika, ukapasua masikio, na kitu kikagonga kikinga na kuanguka kwenye sinia la mchele nililoliacha uani. Halafu kimya.

Nilipofika alikuwa amekwisha kuchomoa plagi. Msumari ulikuwa umezama ndani mno, pale sumaku isipofika, na ncha ilikuwa imevunjika ilipokutana nao. Mashine ilikuwa imeruka na kuutoka mchoro, ikachimba upande wa kulia wa mti, shimo jeupe refu. Nililiangalia shimo lile na nikajua ni mahali gani. Angekuwa kwenye jamvi, mguu wake ungekuwa pale.

Naye alijua. Aliketi juu ya kigoda, akavua miwani. Sijawahi kumwona akiogopa, hata alipomzika mama yake. Nilimletea maji akashindwa kushika kikombe, nikamshikia mimi.

"Sema tu," aliniambia. "Najua umekuwa ukiomba n'wache. Ukisema leo n'taacha, wala sitakulaumu."

Hapo ndipo nilipokuwa nikitaka kufika kwa miezi yote ile. Neno lilikuwa mdomoni. Nikatazama waya ulivyoning'inia juu, viatu miguuni mwake, jiliwa zilizobana, kikinga chenye ufa mmoja mbichi mbele ya mahali uso wake ulipokuwa. Hakuna hata kimoja kilichomwokoa kwa bahati. Alikuwa amevipanga yeye, kila asubuhi, huku nikimcheka.

"Shimo utaliziba na nini?" nilimuuliza.

Alipitisha kidole kwenye kingo za shimo. Kisha akasema polepole kwamba anaweza kulikata liwe ua, na upande wa kushoto akachonga jingine kama hilo, na hakuna atakayejua.

"Basi chonga hilo ua," nilisema. "Ila kwanza ung'oe huo msumari, uangalie kama umebaki mwingine, na mimi nikakuletee ncha mpya."

Nilipanda gari mwenyewe mpaka Malindi mjini nikanunua ncha, na nikamsumbua muuzaji mpaka akanihakikishia kwa maandishi ya boksi kwamba inafaa mashine yetu. Niliporudi mikono yake ilikuwa imetulia. Aliipitisha sumaku mara nyingine, akatia ncha huku plagi iko mkononi mwangu, akaikaza, akavaa miwani na kuziba masikio. Nilichomeka plagi ukutani na kusimama hapo hapo karibu na meza, kwa sababu sikutaka kumwacha peke yake.

Hakuwasha. Aliinua kizibo kimoja cha sikio.

"Hapo uliposimama ndipo ile ncha iliyovunjika ilipopita," alisema. "Rudi nyuma, mke wangu."

Nikarudi nyuma, naye akawasha mashine.