Mguu Mzima

Juzi pale Mkuza nilimwona mfagiaji akisoma daftari huku akila muhogo, nikamkumbuka mama. Yeye alifagia wodi tangu asubuhi, jioni akasomea uuguzi.

Alasiri ya mtihani alirudi akinukia dawa ya sakafu, akaufunga mguu wangu kwa kipande cha kanga, kujipima kama anajua kufunga bandeji. Mimi, mtoto mdogo, nikaamini umevunjika. Alipochukua daftari aondoke, nikalia.

"Mama, unauma!"

"Mguu mzima huo, we mwongo!"

Akacheka, lakini akakaa, akaufungua na kuufunga upya, taratibu. Nje basi la kwenda chuoni likapiga honi, likapita.

Nimetangatanga hadi Kurui, na shule niliiacha mapema. Bado natamani kumwambia: nenda mama, hauumi.