Nilivyoisoma Hadithi ya Nafula

Kuna alasiri moja, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa nimekaa tu hapa Gitothua nikichambua maharagwe au nikingoja chai ipoe. Huja polepole, kama usingizi wa mchana. Kwanza nasikia harufu ya mananasi yaliyoiva. Halafu naliona darasa letu kule nje ya mji wa Thika, madirisha wazi, vumbi jekundu likielea ndani ya mwanga wa jua. Mwishowe namwona Nafula amesimama mbele yetu, karatasi mkononi, akisoma hadithi aliyoitunga mwenyewe.

Juzi ulipopita kunisalimia ukitoka kazini, uliniambia neno likanikaa. Uliniita bibi kwa Kikuyu kama kawaida yako, ukasema, "Cucu, wanafunzi wangu hawahakiki, wananakili. Nikiwauliza hadithi inasema nini, mmoja ananiletea maneno ya mwongozo, mwingine ananiletea maneno ya simu." Sikukujibu. Unajua siku hizi majibu yangu huchelewa njiani. Lakini tangu hapo nimekuwa nikimwaza Nafula, na leo nataka nikueleze habari zake, maana ni kwake nilikojifunza kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na ambayo sasa umeianza wewe.

Tulikuwa shule ya bweni, wasichana tu. Nafula alikuwa rafiki yangu. Vitanda vyetu vilikuwa vimepakana na dawati letu lilikuwa moja. Kwao ni magharibi mwa nchi, lakini alikulia Thika, kwa sababu babake alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo, upande wa kupaka rangi. Nilimwona mzee huyo siku za wazazi. Alikuwa mrefu, mnyamavu, na alipenda kusimama nyuma ya wenzake kana kwamba amekuja kuangalia tu. Mwaka mmoja kabla ya hii alasiri ninayokuambia, aliugua, akapelekwa nyumbani magharibi, na huko akafariki. Nafula alirudi shuleni baada ya likizo akiwa amenyolewa nywele. Hakusema chochote, nasi hatukumuuliza. Wasichana wa umri ule huogopa msiba kama ugonjwa wa kuambukiza.

Mwalimu wetu wa fasihi aliitwa Mwalimu Njoroge. Alitoka Murang'a na ulimi wake uligombana na herufi r na l maisha yake yote, kwa hivyo sisi tulifundishwa kwamba mwandishi hodari ana "hakiri nyingi," yaani akili. Tulicheka chinichini, naye alijua tunacheka, na hakujali. Kitu alichokijali ni kusoma. Siku zile nasi tulikuwa na miongozo yetu, usidhani kunakili kulianza na simu. Tulikariri dhamira, maudhui, sifa za wahusika, kila kitu kwa nambari, tukavimwaga kwenye karatasi ya mtihani. Mwalimu Njoroge alichoka. Muhula ule akatuambia kila mmoja atunge hadithi fupi aisome darasani, halafu mwenzake mmoja aiandikie uhakiki.

"Hadithi hizi hazina mwongozo," alisema. "Nataka nione mtafanya nini."

Nafula aliposoma yake, hakuna aliyekohoa. Ilikuwa hadithi ya msichana na babake. Baba huyo alifanya kazi kiwandani, na kucha zake zilikuwa za buluu kwa sababu ya rangi. Alisugua mikono kwa sabuni, kwa mchanga, kwa majani, na buluu haikutoka. Jumapili kanisani aliificha mikono mifukoni mpaka wakati wa kuomba. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mtoto akimwonyesha alama nzuri, alisema "haya," akamkatia kipande kikubwa cha muwa. Tulimwona, mwanangu. Nakuambia tulimwona mzee yule akipita katikati ya madawati na ule ukimya wake.

Kisha hadithi ikafika kwenye kifo. Msichana ameketi kando ya kitanda. Baba anamshika kwa mkono wake laini, anatabasamu, anamwambia, "Binti yangu, elimu ndiyo taa ya maisha. Soma kwa bidii, uwaheshimu wakubwa, nami nitakuwa nikikutazama daima." Anafumba macho kwa amani. Hapo darasa lilivunjika. Mmoja alilala kwenye dawati akilia, wa pili akafuata, na hata mimi machozi yalinitoka. Nafula peke yake hakulia. Alikunja karatasi zake, akaketi.

Mwalimu Njoroge alingoja tunyamaze. Akaniangalia. "Wambui, wewe ndiye utakayeihakiki hii."

Sikulala kwa raha wiki ile. Niliandika kurasa nzima za sifa. Nikasema hadithi inagusa moyo, lugha yake ni tamu, mwandishi ni jasiri, inatufunza kuwapenda wazazi. Nikampelekea Mwalimu kwanza, kwa sababu nilitaka aniambie inatosha. Alikuwa ameketi nje ya ofisi ya walimu, kwenye kiti cha mbao, uso ameugeuzia mashamba. Alisoma yote taratibu, akanirudishia.

"Hii umemwandikia Nafula barua ya pole," alisema. "Ni vizuri. Mpe. Lakini mimi nilitaka uniambie hadithi inasema nini."

"Mwalimu, babake alikufa kweli."

"Najua. Nilikuwa mazishini kwa niaba ya shule." Akagusa karatasi zangu kwa kidole. "Wewe ulilia wapi, ulipoisikiliza?"

Nikamwambia ukweli. Nilianza kulia kwenye muwa. Pale kwenye kitanda nililia kwa sababu wengine walikuwa wanalia.

"Basi rudi uisome tena," akasema, "uniambie kwa nini."

Nikaziomba zile karatasi kwa Nafula, akanipa bila kuniangalia. Nikaenda nazo nyuma ya maktaba, mahali penye nyasi ndefu ambapo upepo ulileta ile harufu ya mananasi, nikaisoma hadithi mara nyingi hata maneno yakaanza kuelea. Ni hali ya ajabu, mwanangu. Ukisoma kitu kwa muda mrefu bila haraka, unafika mahali huoni tena herufi, unaona chumba. Unaingia. Mimi niliingia katika nyumba ya mzee yule, nikaona sabuni, nikaona koti lake la Jumapili lenye mifuko mirefu. Nikatoka hapo nikaenda mpaka kwenye kitanda cha mauti, na hapo hapakuwa na chumba. Hapakuwa na ukuta, wala blanketi, wala harufu ya dawa. Palikuwa na maneno tu. Nikautazama ule mkono laini. Nikajiuliza, mkono huu ni wa nani? Baba wa ukurasa wa kwanza hana mkono laini. Na huyu anayehutubia kuhusu taa ya maisha ni nani? Baba wa ukurasa wa kwanza angesema "haya."

Niliogopa. Nilijua nimeona kitu, na nilijua kukisema ni kumgusa rafiki yangu mahali pabichi. Nilifikiria kukiacha. Lakini nilipojaribu kuandika tena zile sifa, kalamu ilikuwa nzito, kwa sababu sasa nilikuwa nimeisoma kweli.

Siku ya kusoma tahakiki ilipofika nilisimama. Nilianza na yale mazuri, nikasema kwa nini ni mazuri, nikitaja kucha, mifuko, muwa. Kisha nikasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Lakini mwishoni hadithi inambadilisha baba. Mikono yake imekuwa laini na maneno yake yamekuwa ya hotuba. Mimi kama msomaji naona mwandishi ameniondolea yule baba wa kwanza akaniletea mwingine. Yule wa kwanza alikufa vipi, hadithi haijaniambia."

Darasa lilinigeukia kwa hasira. Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Wambui, wewe huna roho." Nafula aliinuka akatoka nje, na Mwalimu hakumzuia. Aliniambia tu niketi.

Basi siku zikapita, Nafula hanisemeshi. Tulikaa dawati moja kama watu wawili wanaongoja magari tofauti. Kitanda chake alikigeuza, kichwa kikawa upande wa miguu yangu. Nilimwendea Mwalimu Njoroge nikamwambia nimempoteza rafiki kwa ajili ya somo lake. Hakunibembeleza. Alisema, "Ulichosema, ulikionyesha kwenye karatasi yake mwenyewe. Hukumsema yeye, ulisema kazi yake, na uliisema kwa upole. Sasa mngoje."

Nikangoja. Ulikuwa msimu wa ukungu, ule unaojaa Thika asubuhi mpaka huoni mti ulio mbele yako, na mimi nilitembea ndani yake kama mtu anayeota.

Jumamosi moja nilikuwa naanika sare kwenye kamba. Ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Nikaona miguu chini ya shuka lililoanikwa upande wa pili, nikaijua ni ya Nafula. Hakutoka nyuma ya shuka. Alizungumza akiwa hukohuko.

"Wambui. Ulijuaje?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba sikuwepo."

Nikasimama na sare yangu mkononi, maji yakinidondokea miguuni.

"Nilikuwa hapa shuleni," akasema. "Tulikuwa tunafanya mitihani. Watu wa nyumbani na shule walikubaliana nisiambiwe mpaka nimalize. Niliandika karatasi ya jiografia siku waliyokuwa wanamzika. Nilifika nyumbani nikakuta kaburi na watu wakiosha sufuria. Hakuna aliyeniambia alikufa vipi. Mama hataki kuongea. Kwa hivyo nilijitungia. Nilitaka nami niwe nimeketi hapo."

"Nafula, mimi sikujua. Mimi niliona tu kucha hazikuwa na rangi."

 Kisha nikasikia analia, kilio cha mtu ambaye hakulia tangu mwanzo. Nilizunguka lile shuka nikamshika.  Nguo zangu zingine zilibaki kwenye beseni mpaka mchana.

Aliiandika upya hadithi yake. Katika hii ya pili, msichana ameketi kwenye ukumbi wa mitihani anachora ramani ya nchi, anapaka ziwa rangi ya buluu kwa uangalifu, haharakishi, na hajui. Sisi wasomaji ndio tunajua. Mwalimu alipoisoma kwa sauti, hakuna aliyelia kwa kelele. Tulikaa tu tukiangalia nje. Yule msichana wa nyuma alinitafuta baada ya kipindi, akasema, "Sasa nimeelewa ulichokuwa unasema." Nami nikamwambia si mimi, ni hadithi yenyewe.

Likizo ya Agosti Nafula alikwenda nyumbani akamsomea mamake. Alinieleza baadaye kwamba mama aliendelea kupura mahindi mpaka mwisho wa hadithi, kisha akaacha, akaanza kusimulia. Akasema mzee hakusema lolote siku ile. Aliomba maji, akanywa kidogo, akageukia ukuta. Nafula aliniambia ilikuwa rahisi kubeba hilo kuliko lile tabasamu alilolitunga, kwa sababu huyu alikuwa babake.

Yeye hakuwa mwandishi, usije ukafikiri hivyo. Alisomea uuguzi, akafanya kazi kwao magharibi, na tukionana huwa tunakula nyama pale Kamakis na kuzungumza habari za magoti yetu. Mimi ndiye niliyekwenda kufundisha fasihi, na kila darasa niliingia nikiwa na alasiri ile kichwani.

Sasa nikuambie ninachokiona kuwa cha kuchukua, mwanangu, kwa kuwa wewe una darasa na mimi nina kiti tu. Usiwaanzishe watoto na maneno makubwa. Maudhui, dhamira, mbinu, hayo ni majina ya vitu, na mtu hapewi jina la kitu kabla hajakiona. Waulize kwanza waliguswa wapi, au walichoka wapi, au waliacha kuamini wapi. Mtoto akikujibu, muulize ni neno gani lililofanya hivyo, aweke kidole juu yake. Akikosa neno, arudi asome. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, yote iliyobaki ni kuipanga vizuri kwenye karatasi. Simu inaweza kumpa mtoto maneno mazuri kuhusu hadithi, lakini haiwezi kumwambia yeye alianza kulia wapi.

Wafundishe pia kwamba kuhakiki si kutafuta makosa kama askari anayepekua mifuko, wala si kumwaga sifa ili mtu asikasirike. Ni kukaa na kazi ya mwenzako mpaka uijue, kisha kumwambia kwa heshima ulichokiona, ukimwonyesha mahali. Mkosoaji asiyependa anachokisoma hataona kucha. Na anayeogopa kusema atamwacha mwandishi peke yake na uongo wake mdogo. Wape kazi za wenzao wazihakiki, hapo watajifunza upole. Na wakati mwingine wape yako.

Kunywa chai, imepoa. Kesho una kipindi asubuhi, na foleni ya barabara ya Thika haimwonei mwalimu huruma. Mungu akupe wanafunzi wanaouliza, na akupe subira na wale wanaonyamaza. Akupe macho ya kuona mahali mtoto alipojificha ndani ya maneno yake, na sauti ya kumwita bila kumtisha. Na siku wewe mwenyewe utakaposomwa, mwanangu, usomwe na mtu anayekupenda kiasi cha kukuambia.