Nyundo Juu ya Barafu

Nilikuwa nikimtunza bibi mmoja wa Kihindi huku Harrow, ughaibuni, mzaliwa wa Mombasa, aliyezungumza Kiswahili vizuri kuliko watoto wangu waliozaliwa hapa. Nyuma ya nyumba alikuwa na kidimbwi cha samaki wekundu na vyura. Mimi vyura nawaogopa tangu utotoni.

Asubuhi moja ya Januari kidimbwi kiliganda juu kote. Bibi alikuwa kitandani, kifua kimembana. "Mwanangu," akaniambia, "kawatobolee tundu wapate hewa."

Nikachukua nyundo, nikapiga kwa nguvu. Mara nikasikia dirisha la chumba cha Bibi huko juu likifunguliwa, naye akaniita kwa sauti:

"Acha! Mshindo huo unawaua! Weka sufuria ya maji moto juu ya barafu, ingoje iyeyushe yenyewe!"

Nikaweka sufuria, nikachuchumaa. Tundu lilipopatikana nikachungulia: samaki wamelala chini, hawatikisiki, na karibu yangu chura anaelea chali, tumbo jeupe. Nikajua nimewaua. Nilipanda ngazi, nikamweleza Bibi yote, nikingoja anifukuze.

"Samaki hutulia hivyo wakati wa baridi," akasema. "Huyo chura mtoe, asituchafulie maji."

Nilivaa glavu mbilimbili, nikamshika huku nimefumba macho. Alikuwa ameshaanza kuoza. Alikufa siku nyingi kabla ya nyundo yangu. Nikalia palepale, bado nimemshika.

Kuhusu samaki sikumwamini Bibi mpaka Machi, walipopanda juu kutafuta chakula.